Uso Ambao Hakuutazama

Maelezo ya Fransiska yalianzia kwenye viatu na kuishia kifuani.

Sajini Minza aliyasoma mara ya tatu, sweta mwilini na kitenge mabegani, maana mwezi wa saba Sumbawanga baridi haiulizi cheo cha mtu. Karatasi ilikuwa na tarehe ile ile aliyouawa Mzee Polikarp wa kijiji cha Katuwi, mwendo wa nusu saa ukishapita Mwimbi. Fransiska alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa mwisho, na ndiye pekee aliyekuwa naye nyumbani mgeni alipofika. Aliandikisha hivi:

Mgeni alikuja saa nane mchana. Alivaa katambuga za tairi. Suruali ya kijivu, imekunjwa mara mbili miguuni. Koti la kahawia lenye kifungo kimoja. Nilimpa kigoda na maji ya kunywa. Mzee akanituma mashineni kusaga ulezi. Niliporudi saa kumi na moja nikamkuta mzee nyuma ya ghala amepasuliwa kichwa, mtwangio uko ubavuni.

Basi. Hakuna pua, hakuna macho, hakuna ndevu.

Karatasi ya pili iliandikwa siku sita baadaye, baada ya gwaride la utambulisho. Hii ilikuwa na uso mzima. "Uso wake ni mrefu. Macho makubwa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na kichwa amekiinamisha upande wa kushoto. Ndiye huyu niliyemgusa. Namwota kila siku."

Katikati ya karatasi hizo mbili alisimama Cleophas, fundi wa kuchomelea wa Mwimbi, umri miaka thelathini na moja, baba wa watoto watatu. Shamba lake lilipakana na la marehemu, na ugomvi wao wa mpaka ulikuwa umefika hadi baraza la kijiji. Alikamatwa siku ya pili, kabla hata ya mazishi. Kwenye gwaride walipangwa wanaume kumi wa kimo kimoja. Fransiska alipita mbele yao mara moja tu, akamgusa Cleophas bega. Hakusita.

Minza alichukua jalada, akagonga mlango wa Mkuu wa Upelelezi.

"Afande, maelezo ya kwanza hayana uso."

"Ya pili yanao."

"Uso huo umetoka wapi?"

"Umetoka kwa mwenye uso, Minza. Yuko mahabusu." Mkuu hakuinua kichwa. "Jalada Jumatatu asubuhi linakwenda kwa Wakili wa Serikali. Kesi ya mauaji, haina dhamana, mwisho wake kamba. Shahidi kaona, kagusa, kaweka dole gumba. Unataka nini zaidi?"

"Leo Jumatano. Nipe mpaka hiyo Jumatatu."

"Unazo siku hizo. Na ukienda Katuwi mchukue Koplo Victor. Wewe Msukuma utapotea kwenye vilima hivi, tuanze kukutafuta kama ndama."

Hakwenda Katuwi siku hiyo. Alikwenda kwanza hospitali, kwa Daktari Cornelia, yule aliyeupasua mwili wa Mzee Polikarp. Alimkuta kwenye korido akinywa chai kwa mfuniko wa chupa.

"Ripoti ya marehemu nilishakupa," daktari alisema.

"Nimekuja kwa habari ya kichwa cha mtu aliye hai, daktari. Shahidi amemtambua mtu kwa uso. Nataka kujua kichwa kinaujuaje uso."

Daktari alimtazama kama anayepima kama swali lile lina kichaa ndani yake. Halafu akamwongoza mpaka mlango wa wodi ya wanaume.

"Mwone mzee yule wa kitanda cha dirishani. Kiharusi. Macho yake mazima, saa ya ukutani anaisoma. Yule anayemlisha uji ni mkewe, wameoana miaka arobaini. Kila asubuhi akiingia mzee anamwuliza, mama, wewe ni nani? Mkewe akishasema neno moja, anamjua kwa sauti, analia." Daktari aligusa nyuma ya sikio lake la kulia, upande wa chini. "Kuna kipande huku ndani ambacho kazi yake kubwa ni nyuso. Kwake damu ilikatika hapo."

"Shahidi wangu hana kiharusi."

"Basi tuje kwa wazima. Muuza chapati wa mbele ya kituo chenu, unamjua?"

"Nanunua kwake kila asubuhi. Miezi minane sasa."

"Ana ndevu?"

"Sijui."

"Masikio yake makubwa au madogo?"

"Daktari, sijui."

"Lakini ukimwona utamjua."

"Hata akiwa mbali."

"Na ukimkuta stendi ya Mbeya, amevaa suti, hana chapati?"

"Nitasema, huyu namjua."

"Wa wapi?"

Minza alitoa daftari mfukoni.

"Umeona? Kichwa kina majibu mawili. La kwanza ni namjua, hilo linakuja kabla hujapepesa jicho. La pili ni wa wapi. Hilo linakuja kwa miguu, na siku nyingine halifiki kabisa." Daktari alimimina chai iliyobaki kwenye majani nje ya dirisha. "Sasa mchukue mtu aliyekuta maiti. Mpangie wanaume kumi. Tisa ni wageni kwake. Mmoja, kichwa kinamwambia, huyu namjua. Atauliza wa wapi?"

"Hatauliza. Tumemwita aje kumtafuta muuaji."

"Na akishamgusa, kuanzia siku hiyo atamwota huyo huyo. Mpe Biblia ataapa, na hatakuwa amedanganya." Alifunga chupa. "Mimi si bingwa wa ubongo, kwa hiyo usiniandike kwenye jalada lako. Ila kama ningekuwa wewe, ningetafuta kitu kimoja tu. Alimwona wapi kabla."

Alhamisi asubuhi Koplo Victor aliendesha gari huku madirisha yamefungwa. Nje ukungu ulikuwa umelalia matuta ya majani mashambani, na upepo uliupeleka taratibu kama moshi wa jiko lisilowaka vizuri. Victor alikuwa Mfipa wa Laela, mtu wa maneno mengi barabarani na machache mbele za watu.

"Afande, hicho kitenge chako ni cha tatu au cha nne?"

"Endesha gari."

"Nauliza tu. Kwenu si mnaota jua na ng'ombe pamoja?"

"Ng'ombe wa kwetu wana adabu kuliko makoplo. Tukifika, nani msemaji pale nyumbani?"

"Flavian, mtoto mkubwa wa marehemu. Mume wa Fransiska yuko Kipili kwenye maboti, anarudi mwisho wa mwezi. Baba akishakufa, mkubwa ndiye baba."

Flavian alikuwa uani akishona magunia kwa sindano kubwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, mpana, mwenye sauti ya chini. Alimjibu Minza salamu bila kuacha kushona.

"Shemeji yangu ameshasema. Na bega kagusa. Mnataka aseme mara ngapi?"

"Mara moja zaidi, bwana Flavian."

"Askari wa kwanza alisema hivyo hivyo."

Fransiska alitoka jikoni na mtoto wake Asnath mgongoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa kutoka ziwani, aliyeolewa huku juu miaka miwili iliyopita. Alikaa kwenye mkeka, miguu kaikunja upande mmoja. Minza alikaa mkekani naye, Flavian umbali wa hatua sita.

"Mama Asnath, kabla ya siku ile uliwahi kumwona Cleophas?"

"Hapana."

"Kanisani?"

"Sisi tunasali hapa hapa kijijini, kigangoni. Yeye ni wa parokiani, Mwimbi."

"Sokoni? Mashineni? Shambani kwake si hapo tu bondeni?"

"Shambani hulimisha vibarua. Sijawahi kumwona, dada."

"Sasa kwenye gwaride ulimjuaje haraka vile?"

"Moyo ulishtuka." Fransiska aliweka kiganja kifuani. "Wale wengine nilipita tu. Nilipofika kwake moyo ukashtuka, nikajua..."

Neno lilikatika hapo hapo. Mzee mmoja mwenye fimbo, katekista wa kigango, alikuwa ameingia uani. Fransiska alishuka mkekani, akachuchumaa, akakusanya viganja na kupiga makofi ya chini chini, kichwa kimeinama mpaka kidevu kikagusa kanga. Mzee aliitikia kwa makofi, akauliza habari za mtoto, akauliza habari za mahindi, akasema atarudi kwa ajili ya matanga ya Jumamosi, akaenda zake. Muda wote huo Fransiska hakuinua macho. Mzee alipokwisha toka ndipo akarudi mkekani, akaendelea kama mtu aliyeokota uzi ulioanguka.

"...nikajua ndiye."

Minza aliinuka, akamwita Victor pembeni ya gari.

"Ile salamu. Wanatazama chini muda gani?"

"Inategemea na mtu."

"Kwa mkwe je?"

"Kwa mkwe mpaka apite. Mama yangu aliishi nyumba moja na babu miaka tisa." Victor alijikuna shingo. "Babu alipokufa, ndipo mama akamwona vizuri. Kwenye jeneza. Akasema, kumbe alikuwa na kovu."

Minza hakucheka. "Nani anahesabiwa mkwe?"

"Baba wa mume. Na ndugu zake wote wa kiume. Baba wakubwa, baba wadogo. Hata awe mtoto wa miaka kumi, kama ukoo unamhesabu baba mdogo, mke atashuka, achuchumae. Ila akiwa wa nje, kijana mwenzako, unamsalimia tu mambo yako yanaendaje."

"Cleophas ni wa ukoo huu?"

"Si wa ukoo hata kwa mbali. Ingekuwa hivyo mpaka wa shamba ungemalizwa ndani."

Minza alirudi uani, akamwomba Fransiska amwonyeshe alikotoa kigoda siku ile. Kigoda kilitoka chumbani kwake. Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda, sanduku, nguo zimetundikwa kwenye kamba, dirisha moja la mbao. Ukutani, mkabala na kitanda, ilining'inia kalenda ya kwaya ya parokia. Waimbaji walikuwa wamepangwa safu kwa safu kila mmoja na picha yake ndogo. Chini, kwenye tarehe, kulikuwa na alama za penseli.

"Alama hizi za nini?"

"Kliniki ya mtoto."

"Nani alileta kalenda?"

"Mume wangu, Januari. Alipewa Mwimbi."

"Unawajua hawa waimbaji?"

"Simjui hata mmoja. Mimi natazama tarehe."

"Mtoto unamnyonyeshea wapi asubuhi?"

Fransiska alionyesha ukingo wa kitanda. Minza alikaa pale pale, akatazama mbele. Halafu akasimama, akaenda mpaka ukutani. Safu ya tatu, picha ya pili kutoka kushoto. Mpiga picha alikuwa amewapiga wakiwa wanaimba.

Aliita Victor aje ashuhudie. Kisha akafunika safu za juu kwa kiganja kimoja na safu za chini kwa mkono mwingine.

"Mama Asnath, mtazame huyu."

Fransiska alisogea. Alitazama picha ile kubwa kama kifuniko cha soda. Uso mrefu, macho makubwa, mdomo wazi kidogo kwenye wimbo, kichwa kimeinama upande wa kushoto. Alirudi nyuma mpaka akagonga sanduku.

"Amefikaje humu ndani?"

"Amekuwepo tangu Januari," Minza alisema. "Kila asubuhi amekuwa akikutazama."

Fransiska alikaa sakafuni pamoja na mtoto mgongoni. Minza aliipiga picha kalenda mahali ilipokuwa, akaitungua, akaandika hati ya kuchukua kielelezo, akampa Victor asaini kama shahidi. Mikono ilipomaliza kazi ndipo akachuchumaa mbele ya mwanamke yule.

"Sikusema uongo," Fransiska alisema.

"Najua."

"Naliona lile jicho nikilala. Nilisema kweli, dada."

"Najua. Sasa twende nyuma, unionyeshe ulivyomsalimia mgeni. Koplo atakuwa mgeni."

Walikwenda upande wa ghala, ambako sindano ya Flavian haikusikika tena. Victor aliambiwa aingie kutoka njiani, asiseme neno. Fransiska alimwona anakuja, akasita.

"Siku ile hukusita," Minza alisema. "Fanya kama siku ile."

Fransiska alichuchumaa. Kidevu kikashuka. Viganja vikapiga. Victor naye akapiga makofi ya kuitikia.

"Kaa hivyo hivyo. Usiinuke. Niambie unaona nini."

"Viatu."

"Halafu?"

"Suruali. Koti, mpaka kifungo."

"Na uso?"

Upepo ulipita kwenye paa la nyasi la ghala. Fransiska alibaki amechuchumaa, macho kwenye buti za Victor.

"Sikuutazama," akasema. "Sikuutazama kabisa."

"Alipopokea maji?"

"Nilishika kibuyu kwa mikono miwili, nikatazama chini. Ndivyo nilivyofundishwa nilipofika hapa. Mimi ni wa ziwani, wakiniona nimekosea wanasema sina malezi."

"Lakini ulishuka. Mwanamume hujamtazama usoni, utajuaje kama ni mtu wa kumshukia?"

Fransiska aligeuza kichwa kidogo kuelekea uani. Minza naye akageuka. Flavian alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, gunia mkononi.

"Koplo," Minza alisema, "mwombe bwana Flavian akuonyeshe mpaka ule wa shamba. Wote mwende. Nataka mchoro."

"Mchoro mlishachora," Flavian alisema.

"Ulilowa."

Walipokwisha shuka bondeni, Minza aliuliza tena, na safari hii jibu lilikuja.

"Mzee aliniita. Alisema, mama Asnath, toka umsalimie baba yako mdogo."

Minza aliandika maneno hayo kama yalivyo. "Kwa nini hayamo kwenye karatasi?"

"Shemeji alifika kabla ya askari. Nilimwambia yeye wa kwanza. Akasema nisirudie. Akasema mtu wa nje akifungwa ukoo unabaki, wa ndani akifungwa ukoo unavunjika. Baadaye nilipomgusa yule kijana akasema, umeona? Mzee alimwita kila mtu ndugu, alikuwa na mazoea hayo. Nikaona labda ni kweli."

"Mgeni alisema neno lolote?"

"Hakusema. Aliitikia kwa makofi tu."

"Mikono uliiona, basi."

"Niliiona."

"Ngoja." Minza alitazama saa, akaandika saa na dakika pembezoni mwa karatasi. "Sitaki kosa lile lile mara mbili. Uniambie sasa, kabla hatujaona mkono wa mtu yeyote. Ilikuwaje?"

Fransiska alifumba macho. Aliinua mikono yake mwenyewe, akaikutanisha. "Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilibaki nje. Vingine vilikutana, hicho kilisimama peke yake. Hakikunjiki."

"Mikono hiyo uliwahi kuiona kabla?"

"Hapana."

"Na baada ya hapo? Msibani ulisalimia baba wadogo wote?"

"Wote waliokuja. Angekuwepo mwenye mkono huo ningeshtuka."

"Mko nao wangapi?"

"Nasikia saba. Wawili hawakuja kuzika."

Minza hakumuuliza majina ya hao wawili. Aliandika maelezo ya nyongeza kurasa tatu, akamsomea pole pole, kwa sababu kusoma mwandiko wa askari ni kazi hata kwa wenye macho. Alikuwa anatoa kidau cha wino pale Flavian alipotokea juu ya kilima, Victor akihema nyuma yake. Flavian aliiona karatasi na wino. Hakukimbia. Alikuja mpaka hatua mbili kutoka kwao, na akazungumza na Fransiska tu, kama vile askari ni miti.

"Shemeji, ukiweka dole hapo, jiko hili si lako tena. Mume wako nitamweleza mimi. Na mtoto ni wa ukoo, unajua hilo."

"Bwana Flavian," Minza alisema, "kumtisha shahidi ni kosa la kujitegemea. Nimeliandika."

"Andika. Unaandika vizuri."

Fransiska alikuwa ameshika mguu wa mtoto uliochomoza ubavuni mwake. "Dada," akasema, "yule Cleophas ana watoto?"

"Watatu."

"Wadogo?"

"Wa mwisho analingana na wako."

Fransiska aliweka dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Flavian alitema mate pembeni, akarudi kwenye magunia yake.

Ijumaa Mkuu wa Upelelezi alizisoma kurasa zile tatu akiwa amesimama.

"Kidole," akasema.

"Kidole, afande. Kimeandikwa saa tano na dakika ishirini, hajaona mkono wa mtu. Na kuna baba wadogo wawili hawakuzika. Victor ameuliza kwa katekista. Mmoja ni mgonjwa, amelala Mwimbi mwezi wa pili sasa. Mwingine ni Mzee Loth, mvuvi wa Kirando. Alituma salamu kwamba boti limeharibika."

"Shahidi anajua jina hilo?"

"Hajui. Na hatalijua kwangu."

"Kesho kwenye matanga atakuja?"

"Akikosa mara ya pili watu watahesabu. Atakuja."

Mkuu alimrudishia karatasi. "Nina miaka ishirini kwenye kazi hii. Nimeona watu wakitambuliwa kwa uso, kwa sauti, kwa kofia." Alikaa. "Cleophas anabaki ndani mpaka uniletee kitu. Nenda."

Jumamosi ilikuwa na jua kali lisilo na joto. Ua wa marehemu Polikarp ulijaa watu kuanzia saa nne. Benchi tatu za kigango zilipangwa kando ya ukuta, na hapo wakakaa wazee wa ukoo, baba wakubwa na baba wadogo, makoti mabegani, fimbo kati ya magoti. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Minza alikuwa katikati yao, kanga mbili, kichwa kimefunikwa, anachambua mchele kama mwenzao. Victor alikuwa nje ameegemea gari lisilo na namba za polisi.

Wake wa nyumba walipaswa kuwapokea wazee. Mke wa Flavian alitangulia, akapita benchi zote. Kisha ikawa zamu ya Fransiska. Alimtoa Asnath mgongoni, akamweka mkekani, akajifunga kanga upya. Kwa siku mbili hakuna mtu wa nyumba ile aliyemsemesha, na chakula alipika kwenye mafiga aliyopanga mwenyewe nyuma ya ghala.

Alichuchumaa mbele ya mzee wa kwanza. Makofi. Mzee akaitikia. Akasogea. Wa pili. Wa tatu akamwuliza habari za mumewe, akajibu anaendelea vizuri, macho kwenye vidole vya miguu vya mzee yule. Minza aliacha kuchambua mchele. Wa nne.

Wa tano alikuwa mtu mwembamba, mweusi wa jua la ziwani, kofia ya sufu kichwani. Alivaa viatu vipya vya ngozi. Fransiska alipiga makofi matatu. Mzee akaitikia, na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilisimama peke yake, kama kijiti kilichosahauliwa.

Mikono ya Fransiska ilibaki imekutana. Hakusogea kwa mzee wa sita.

"Mama Asnath, endelea," mwanamke mmoja alinong'ona. "Wazee wanangoja."

Ndipo Fransiska akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika ua ule. Aliinua kichwa. Alilitazama paji la uso la mzee, akayatazama macho yake, ndevu fupi zenye mvi, midomo. Alitazama bila haraka, kama anayesoma herufi moja moja. Mzee Loth aligeuza uso kando, akakuta wa jirani naye anamtazama, akaurudisha.

"Uso huu siujui," Fransiska alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua wote ulikuwa umenyamaza. "Mikono ndiyo."

Minza alikuwa ameshafika. Alimshika Mzee Loth kifundo cha mkono wa kushoto, akataja jina lake na cheo chake na sababu ya kumkamata. Mzee hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kuvaa koti lake vizuri kwanza. Victor aliingia na pingu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza kitu. Wazee waliobaki walitazama chini, wote kwa pamoja.

Upande wa pili wa ua Flavian aliinuka. Alipita kati ya mikeka bila kumgusa mtu, akamwokota Asnath, akaingia naye ndani. Fransiska alikuwa bado amechuchumaa, viganja vimekutana. Alisikia komeo likipita nyuma ya mlango.